UZI: Klorini, bido na ratiba ya dini tano – jinsi kikundi chetu cha kujitolea kinavyofanya kazi Goma

Mwana_Himbi (Goma)

Jambo kwenu wote. Tangu niliposema kwenye uzi wa kipindupindu kwamba kikundi chetu kina Waislamu, Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu (kanisa la Kikongo la Simon Kimbangu) na Waadventista, ujumbe umenijaa. Uvira wanauliza, Bunia wanauliza, hata Kigoma. Swali ni lile lile: mnawezaje kufanya kazi pamoja? Naweka majibu hapa mara moja.

Kazi kwanza, dini baadaye. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba choo cha shimo hapa ni kugombana na jiwe, kwa hiyo vyoo vingi vina mashimo mafupi. Mabomba yakikauka, mitaa mizima inateremka ziwani na bido za njano za lita 20, akina mama wakibeba mgongoni, vijana kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Maji ya Ziwa Kivu ukiyatazama yanang'aa, ndiyo maana watu hawayaogopi. Sisi tunakaa pale wanapochota, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Mtu anateka, anaweka bido mbele yetu, mmoja wetu anavuta klorini kwa serengi isiyo na sindano, anaitia, anafunga kifuniko, anatikisa, anamwambia asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Mwenzake anachora mstari daftarini. Basi. Hotuba hakuna.

Mbona dini mbalimbali? Wengi mnadhani tulikaa kwanza kwenye semina ya amani, tukalia na kukumbatiana. Hapana. Kalenda ndiyo iliyotukutanisha. Kundi la mwanzo lilikuwa la parokia moja, na kila Jumapili asubuhi kituo kilikaa kitupu mpaka misa ya pili iishe. Na Jumapili watu wanachota maji kuliko siku nyingine, watoto wako nyumbani, nguo zinafuliwa. Ndipo jirani mmoja wa msikitini akasema: Jumapili mtuachie sisi. Tukawaachia. Wao Ijumaa kuanzia saa sita mchana wanaondoka, tunashika sisi. Waadventista, wanaosali Jumamosi, wako huru Jumapili nzima. Idi, Wakristo wanajaza zamu zote. Krismasi na Pasaka, Waislamu wanazijaza. Ramadhani wenzetu wanapenda zamu ya alfajiri kwa sababu wameshakula daku na kuswali, usingizi umekwisha. Zamu ya jua kali tunawaondolea.

Hiyo peke yake ingetosha, ila kuna la pili: uvumi. Siku moja mama mmoja, mtoto mgongoni, aliziba mdomo wa bido kwa kiganja. "Dawa yenu ya kufunga uzazi mkawatilie mama zenu." Kijana wetu wa CBCA, kanisa la Kibaptisti, akaanza kueleza habari za vijidudu. Mama hata hakumtazama. Binti aliyekuwa na daftari, amevaa hijabu, akamsalimia, akamtajia baba yake na mtaa wake wa Birere. Mama akamjua. Kiganja bado kimeziba. "Basi kunywa wewe kwanza." Binti akaenda kwenye bido iliyokuwa imeshamaliza nusu saa yake, akamimina kikombe, akanywa chote, akakigeuza chini juu. Yule mama akaondoa mkono. Yule kijana angeeleza mpaka jioni asingefika hapo. Na kuna mitaa mingine ambapo huyo binti ndiye asingesikilizwa, angesikilizwa kijana.

Kwa hiyo tunapangwa wawili wawili, dini tofauti. Kuhubiri kituoni hakuna. Jina la kanisa wala la msikiti halikai kwenye jile, vizibao vyetu vya kazi. Hijabu, rozari, kitambaa cha kijani cha Wakimbangu, hizo ni nguo za mtu, zinabaki. Na hatuombi pamoja. Kila mmoja anafika akiwa amekwisha omba kwake. Hili la mwisho linawaudhi baadhi, najua.

ChukuduFC (Goma)

Yaya, tuseme ukweli hapa. Transport mnapewa franka ngapi? Maana hapa mjini kujitolea ni kazi kama kazi nyingine, prime, yaani posho, ndiyo ndogo tu. Shirika linakuja, linagawa jile, linapiga picha, picha inaenda Ulaya, jile linafuliwa na kuuzwa Birere.

Mwana_Himbi (Goma)

Hapewi mtu kitu. Klorini inatoka kituo cha afya, jile tulichanga.

Na uliyosema yametupata. Kuna shirika moja lilikuja, watu wazuri tu, likasema litatoa transport kwa walio kwenye orodha. Orodha aliandika nani? Mtu wa kanisa moja. Wiki ile ile zikaanza hesabu: ninyi mko tisa, sisi wanne, mbona? Watu waliokuwa wanaachiana zamu kwa moyo mweupe wakaanza kuhesabiana. Mradi ulipofungwa, nusu walienda nao. Waliobaki ndio wale waliokuwa wanakuja kabla ya orodha. Tangu hapo tunapokea vitu tu: klorini, buti za mpira, sabuni. Pesa ya mfukoni hapana.

Kaka_Ujiji (Kigoma)

Mkuu, uzi mtamu. Jambo hili lina historia kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2000 nchi za Umoja wa Mataifa zilipoweka Malengo 8 ya Milenia, la 6 lilikuwa kupambana na ukimwi, malaria na magonjwa mengine. Baadaye, mwaka 2009, taasisi ya mambo ya imani ya Tony Blair, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, ikishirikiana na Interfaith Youth Core ya Chicago ilichukua vijana 30 kutoka Uingereza, Marekani na Canada, wa dini tofauti, wakafanya kazi wawili wawili kama ninyi. Kazi yao ilikuwa malaria: kuhamasisha misikiti, makanisa, masinagogi na mahekalu ya huko kwao, na kuchangisha kwa ajili ya vyandarua vya huku kwetu.

Hoja yao ilikuwa kwamba ukishuka kijijini Afrika unaweza usikute zahanati, lakini utakuta kanisa au msikiti. Nyumba hizo zinaaminika na zina watu kila wiki. Mimi nasema hoja hiyo ni ya kweli kabisa hata kama hupendi aliyeitoa.

ChukuduFC (Goma)

Wa London walilipwa posho kuzungumzia mbu asiyewauma. Wa Goma hawalipwi na kipindupindu kinawauma. Maendeleo ya dunia hayo.

Kaka_Ujiji (Kigoma)

Hahaha, mkuu umenifunga. Ila chandarua hakiulizi pesa ilitoka wapi. Kongo na Nigeria ndizo zinazoongoza duniani kwa vifo vya malaria, kila ripoti ya WHO inasema hivyo. Akichangisha wa London na akakigawa wa Goma, mimi sioni ugomvi.

Mwana_Himbi (Goma)

Ugomvi upo kidogo, Kaka. Akichangisha wa London, wa London ndiye anayeamua kigawiwe nini. Sisi tumeshaletewa vyandarua mwezi ambao watu wanakufa kwa kuhara. Tulivigawa, ndiyo, malaria nayo ipo. Lakini hakuna aliyetuuliza. Na karatasi zao zina kisanduku: "mradi wenu unatimiza lengo namba ngapi?" Siku hizi ni malengo 17 mpaka mwaka 2030. Tunaandika 6, maji na usafi, tunarudi ziwani. Vijana wetu wengi hawajui hata kama wako kwenye lengo la dunia.

Papa_Virunga (Goma)

Watoto wangu, mimi ni mkubwa wenu, nisikilizeni. Julai 1994 nilikuwa hapa. Wakimbizi waliingia kutoka Rwanda kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, wakanywa maji ya ziwa hili hili. Mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mlichosema habari ya jiwe kugomea choo, mwaka ule liligomea makaburi. Maiti zilipangwa kando ya barabara zimeviringishwa mikeka, mpaka zikaja mashine za kuchimba.

Waliobeba maiti zile walikuwa maskauti, Msalaba Mwekundu, vijana wa parokia, vijana wa misikiti. Hapakuwa na ratiba wala mkutano. Kwa hiyo msituambie jambo hili mmeligundua ninyi. Ila la kupangana kwa siku za ibada, hilo ni jipya kwangu, nalipenda.

Mwana_Himbi (Goma)

Aksanti, Papa. Tumekusikia.

Mlinzi_wa_Neno

Ndugu zangu, msichukie. 2 Wakorintho 6:14: "Msifungiwe nira pamoja na wasioamini." Leo klorini, kesho mtafunga pamoja, keshokutwa mtaoana. Kanisa lina idara yake ya huduma za jamii. Kijana aliyeokoka ajitolee humo.

Ustadhi_Birere (Goma)

Na kwetu wapo wanaosema maneno kama hayo, ndugu, usidhani uko peke yako. Nilipowapeleka vijana mara ya kwanza niliitwa na wazee: unawapeleka wapi watoto wa watu? Nikawakumbusha habari ya Saad bin Ubada. Mama yake alifariki, akamuuliza Mtume (s.a.w.) ni sadaka gani bora, akajibiwa: maji. Akachimba kisima. Nikawauliza wazee, kisima kile walikunywa nani, Waislamu peke yao? Wakacheka, wakaniruhusu, kwa sharti moja: swala isikosekane. Haijakosekana.

Kuoana hakujatokea bado, Inshallah ikitokea tutakualika.

MamaKadutu (Bukavu)

Mlinzi, mwanangu, leo umekunywa chai? Maji yake yalitiwa dawa na nani? 😅

Sasa langu. Mwana_Himbi, hapo pa kutokuomba pamoja mimi sikubali. Bukavu tumezikana pamoja mara nyingi. Alipouawa Askofu Mkuu Munzihirwa mwaka 1996, Waprotestanti na Waislamu walilia naye, maana alikuwa wa mji mzima. Baada ya mafuriko ya Kalehe, Mei 2023, watu zaidi ya 400 wamekufa Bushushu na Nyamukubi, padri, pasta na shehe walisimama pamoja, kila mmoja akaomba kwa zamu yake. Haikumpunguzia mtu imani. Vijana wakiombeana wanakuwa ndugu. Wakitia klorini tu wanakuwa wafanyakazi.

Mwana_Himbi (Goma)

Mama, msibani sawa, msiba una mwenyewe na kila mtu anajua kakaa wapi. Kazi ya kila siku ni kitu kingine. Ukianzisha sala ya pamoja kila asubuhi, lazima mtu aiongoze. Nani? Kwa maneno gani? Umalizie kwa jina la Yesu au usimalizie? Ukilitaja, wa msikitini amekwama. Usipolitaja, wetu wa kanisa za uamsho wanaona umemkana. Nimeona vikundi viwili hapa mjini vikivunjika hapo hapo, kwenye dakika tano za kufungua, kabla mtu hajagusa bido. Mimi naona afadhali tuwe wafanyakazi wazuri. Undugu ukija, uje wenyewe, na umekuja: binti wa hijabu alipofiwa na bibi yake, kijana wa CBCA ndiye aliyezunguka kukusanya mchango.

MamaKadutu (Bukavu)

Hapo umejibu kama mtu mzima. Bado sikubali, lakini umejibu.

NesiButembo (Butembo)

Niliyoyaona mimi ni ya Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Dawa na chanjo vilikuwepo. Kilichokosekana mwanzoni ni watu kutuamini. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na sisi wenyewe tulikuwa tunaogopa kuvaa kitambulisho mtaani.

Ugumu mkubwa ulikuwa mazishi. Familia inataka kuosha maiti, na kuosha ndiko kunakoambukiza. Ukipeleka timu ya wageni waliovaa kama wanaanga, unafukuzwa kwa mawe. Timu ikiwa na mtu wa dini ile ile, milango inafunguka. Kwa Waislamu kulikuwa na njia iliyokubaliwa tangu Ebola ya Afrika Magharibi mwaka 2014: kutayamamisha, yaani kutumia udongo safi, badala ya kuosha kwa maji. Mimi Mkatoliki ningeliambia familia hivyo ningeonekana nimetunga. Akisema kijana wa msikiti wao, wanainamisha vichwa, wanasema sawa. Kwa wenzetu wa kanisa, pasta anasimama mbali kidogo, anaomba kwa sauti, familia inasikia ibada imefanyika.

Wa Goma mtakumbuka mgonjwa wenu wa kwanza, Julai 2019, alikuwa mchungaji aliyetoka huku kwetu kwa basi. Mtu wa Mungu, anayeshika wagonjwa na kuwaombea. Kwa hiyo nyumba za ibada zinaweza kubeba ugonjwa kama zinavyobeba habari njema. Vijana wenu wawafundishe viongozi wao kwanza.

MtuWaLshi (Lubumbashi)

Bon, huku Lubumbashi habari ni takataka. Mvua ikinyesha Katuba na Kenya (komini za hapa mjini, si ile nchi) mifereji inajaa plastiki, maji yanaingia nyumbani. Tulijaribu kuwaita vijana wa parokia, wa Methodiste na wa msikiti tufanye salongo, kazi ya pamoja ya usafi, kila Jumamosi. Kilichotukwamisha ni wazee. Ukitaja salongo wanakumbuka miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, kazi ya lazima na nyimbo za chama. Baba mmoja kanifukuza: "Nilisha ifanya bure miaka yote, nenda umwambie anayelipwa." Sasa hatutaji jina hilo. Tunaingia mtaani na koleo tu, wanaotaka wanafuata.

Halafu Jumamosi imewaacha nje Waadventista. Sikuwahi kulifikiria mpaka nimesoma uzi huu.

SabatoNjema (Goma)

Mimi ni Mwadventista wa kikundi cha Mwana_Himbi. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama. Mfereji unaweza kungoja Jumapili, kwa hiyo MtuWaLshi, hamisheni tu mpate mikono yetu. Kipindupindu ni jambo lingine. Yesu aliuliza ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya sabato hatamwopoa mara moja. Wagonjwa walipoongezeka nilienda Jumamosi, mzee wa kanisa alijua, hakuna aliyenisema. Ila wenzangu hawajawahi kuniomba. Ningeombwa kila wiki ningeacha.

Bunia_Kwetu (Bunia)

Nimesoma yote. Swali la vitendo: tunaanzia wapi? Tuna vijana kama kumi na tano, misikiti miwili iko tayari, parokia moja, kanisa za mtaa bado zinasita. Klorini tununue sokoni?

NesiButembo (Butembo)

Msinunue sokoni! Hujui nguvu yake wala imekaa juani siku ngapi. Nendeni kwa muuguzi mkuu wa eneo lenu la afya, yeye anajua hali ya ugonjwa na anapata klorini ya unga kutoka zoni ya afya. Unga huo una nguvu ya asilimia 65 mpaka 70. Atawaonyesha kutengeneza maji mama, yaani klorini kali ya kuvutia kwa serengi, na kipimo cha kila bido atakipima kwa maji yenu wenyewe, maana maji ya tope hula klorini na hayatafanana na ya Kivu. Msinakili kipimo cha Goma. Kuchanganya kufanyike nje penye upepo, mikono na glovu, na maji mama yakae kwenye chombo cheusi chenye kifuniko. Na mjifunze maji ya chumvi na sukari kwa anayeanza kuhara akiwa mbali na kituo: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa bapa. Anywe njiani, njia iwe ya kwenda kituoni.

Mwana_Himbi (Goma)

Sikilizeni huyo nesi. Mimi nitaongeza ya watu tu.

Kabla ya muuguzi muoneni mkubwa wa mtaa, la sivyo siku ya kwanza mtaulizwa karatasi. Viongozi wa dini muwaendee wawili wawili, Mwislamu na Mkristo pamoja, kwenye msikiti na kwenye kanisa. Msiombe ruhusa ya "umoja wa dini", wataitisha kamati na kamati itakaa miezi. Ombeni vijana wawili, siku fulani, saa fulani, mahali fulani. Kanisa zinazosita msizibembeleze sana. Wazazi wao wanachota maji pale pale, wataona.

Ratiba iandikwe na mtu mmoja asiye na cheo kwenye dini yake. Kwetu anaandika Mkimbangu, kwa sababu wao ni wachache na hakuna anayedhani anapendelea wengi. Asiyeweza kuja atafute wa kumshikia mwenyewe, asimwachie mwandishi.

Daftari moja kwa kituo, msiweke la kila dini. Atakuja mtu atake mtenganishe hesabu, Waislamu wametia bido ngapi, Wakatoliki ngapi. Mkatalieni, hata akiwa mfadhili.

Na serengi ziwe tatu au nne, kila wiki moja inaangukia ziwani.